Daftari la Mwaka wa Homa

Chumba cha nyaraka, 6 Machi

Mpwa wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba karatasi huuawa na moto, maji au mchwa. Nimefanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka za jiji tangu ujana wangu, na nakwambia moto umetuchukulia machache sana. Karatasi nyingi hupotea zikiwa nzima, safi, hazina hata kovu, kwa sababu mtu mmoja alizirudisha kwenye rafu isiyo yao. Daftari lililoungua unaweza kulilia ukamaliza. Lililowekwa pasipo pake lipo, linapumua, na hulipati.

Tazama, nimeanza kufundisha kabla ya kusalimia. Mama yako akisikia atasema, "Kaka hajabadilika, huyo hata wezi wakimvunjia atawakalisha chini awape somo." Basi nawasalimu wote wawili. Mimi sijambo. Magoti yananung'unika kwenye ngazi, na masikio ndiyo yamekufa, ndiyo maana simu zenu sizitaki. Nikipigiwa nasikia nyuki ndani ya chupa. Nimestaafu mwaka wa tano sasa, lakini asubuhi bado nakaa kwenye dirisha la huduma kwa kujitolea, maana rafu za zamani hakuna anayezijua kama mimi. Wananiita Mzee Faharasa. Mkuu wetu mpya ni binti mdogo kuliko wewe, ana kompyuta mbili mezani, na zote zikikwama anasema, "Mwulizeni Faharasa."

Sasa jambo lenyewe. Barua yako ya Februari imefika, na kile kipande cha gazeti ndani yake. Ni kweli. Barabara mpya itapita juu ya makaburi ya mwaka wa homa, alikozikwa baba yako. Halmashauri inasema ndugu atakayeleta namba ya kaburi kabla ya tarehe 31 Julai kwisha atakabidhiwa mabaki ya mtu wake, akazike anakotaka. Wasio na mwenyewe watakusanywa shimo moja. Na makaburi yale hayana mawe wala majina. Vilikuwa vibao vya namba, na vibao vilishaoza. Jina na namba vinakutana mahali pamoja tu: kwenye daftari la maziko la mwaka ule. Daftari hilo liko kwetu.

Mwambie dada yangu atulie. Anataka mumewe alazwe pale atakapolazwa yeye, na atalazwa. Nipeni wiki mbili.

Mjomba wako.


Zahanati, 29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Huku hatujambo. Wiki hii nimepokea watoto tisa. Mmoja alitanguliza miguu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, lakini yeye na mama yake wako salama, na nimeshamwandika daftarini kwa mwandiko mzuri ili usije ukanigombeza. Macho ya Mama yanazidi kufifia. Sasa ananitambua kwa hatua zangu. Barua yako nilimsomea mara tatu, na ile ya tatu alikuwa akinitangulia maneno. Pale kwenye wezi alicheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine, Mjomba. Juzi alichukua fimbo yake akaenda makaburini huku kwetu peke yake, akipapasa njia, akapima kwa hatua nafasi ya watu wawili. Mlinzi wa pale aliniambia alimsikia akihesabu. Aliporudi aliniambia, "Baba yako alikuwa fundi saa aliyechelewa kila mahali. Hata huku anakuja kachelewa miaka thelathini na moja."

Nina swali moja, usione ni utovu wa adabu. Si ulikuwepo? Nimekua na hadithi ile. Mimi nina siku arobaini, Mama amekwama kwa Bibi kwa sababu njia zimefungwa, na wewe peke yako ndiye uliyefika makaburini asubuhi ile. Shuka lilikuwa fupi, ukavua koti lako la kijivu ukamfunika miguu. Ukarusha udongo kwa mikono yako. Upande wa kichwani palikuwa na mti wa majani membamba. Nikilia utotoni, Bibi alinisimulia hilo koti mpaka nalala.

Basi kwa nini usiende pale ukawaonyesha? Mama anasema hata mti ukikatwa kisiki hubaki.

Mpwa wako.


Chumba cha nyaraka, 20 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na pongezi kwa hao tisa. Mwandiko wako wa daftarini uwe mzuri kila siku. Hujui nani atakuja kuusoma baada ya miaka sitini, akiwa na roho mkononi. Hapa mvua imeanza na paa la chumba cha kusomea linavuja mahali pamoja. Tumeweka ndoo, na wasomaji wamezoea, wanasoma kwa mdundo.

Uliuliza kuhusu mti. Ulikatwa zamani, na kisiki kiking'olewa ardhi hufunga mdomo. Halafu jioni ile palikuwa na kiza, makaburi yamebanana, mtu hawezi kukumbuka hatua. Ushahidi wa macho ni kitu dhaifu sana, mpwa wangu. Ndiyo maana watu waliobuni nyaraka walizibuni. Macho husahau na ulimi hupamba, lakini karatasi inabaki na lile lile iliyoandikiwa siku ile.

Kipande kinachofuata usimsomee mama yako.

Daftari halipo mahali pake. Nisikilize kwa utulivu. Hapa kwetu ukitoa daftari kwenye rafu huachi pengo tupu. Unaweka kadi ngumu iliyosimama pale daftari liliposimama, na juu yake unaandika jina lako, tarehe na sababu ya kulitoa. Sisi wa zamani tuliiita mshika nafasi. Siku ya kulirudisha, unaichomoa. Ni kazi ya sekunde tano, na ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa karani mpya. Basi, kwenye rafu ya maziko, kati ya daftari la mwaka uliotangulia na la mwaka uliofuata, imesimama kadi. Imebadilika rangi kama jino la mzee.

Maana yake ni kwamba daftari halikuungua wala halikuibwa. Lilitolewa kwa utaratibu, na litapatikana kwa utaratibu. Nalitafuta kila siku. Mama yako mwambie tu kwamba Kaka yuko kazini.

Mjomba wako.


Zahanati, 11 Mei

Shikamoo Mjomba,

Tunaendelea. Mvua zenu zimetufikia, na njia ya zahanati imekuwa tope tupu. Akina mama wajawazito wanaletwa kwenye toroli. Mmoja aliniambia, "Mkunga, nimebebwa kama gunia la saruji, ninayemzaa akiwa mkaidi nisilaumiwe." Tulicheka, akazaa akicheka.

Kile kipande sikumsomea. Lakini nilinyamaza kidogo kabla ya kuruka, na asiyeona husikia kunyamaza kuliko sisi. Akauliza, "Umeruka nini?" Nikasema umechora picha ya ndoo. Umenifanya nimdanganye mama yangu, Mjomba, na nilidanganya vibaya.

Sasa unijibu wewe uliyenifundisha. Umesema kila kadi ina jina, tarehe na sababu. Barua yako ina rangi ya kadi, mpaka na jino la mzee. Jina haina. Kadi imeandikwa jina la nani?

Na jambo jingine, huenda ni dogo. Nilikuwa namsomea Mama tena barua zako zote, kama anavyopenda, tukafika kwenye mti. Akasema, "Jioni? Mwanzo alisema asubuhi, palikuwa na ukungu." Akasokota ncha ya kanga yake. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Hebu mwulize Kaka ni koti lipi alilomfunika. Maana la kijivu alikuwa bado analivaa miaka miwili baadaye, nililishona mwenyewe kiwiko."

Nakuuliza kama alivyosema.

Mpwa wako.


Chumba cha nyaraka, 19 Juni

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nilipata homa kidogo ya vumbi, na kazi imekuwa nyingi. Msalimie dada yangu.

Tangazo la barabara limeleta watu. Wanakuja dirishani tangu asubuhi, hasa Jumatatu. Mzee mmoja kaja na picha ya mkewe amevaa shela. Mama mmoja anatafuta watoto wawili, mapacha, na hana kingine ila majina yao aliyoyaandika nyuma ya kalenda. Wote wanataka daftari lile lile. Mkuu ameniachia mimi kuzungumza nao kwa kuwa mimi ni mtu mzima na nina subira. Nawaeleza utaratibu. Naandika majina yao kwenye orodha. Leo wamefika thelathini na wanane.

Mchana naenda kwenye stoo ya jengo la zamani. Miaka minane iliyopita tulihamia jengo hili jipya, na wapagazi wakabeba maboksi kwa ukubwa badala ya namba. Vitu visivyoulizwa na mtu viliachwa kule. Natafuta maboksi ya leseni za baiskeli. Zamani kila baiskeli ya jiji ilikuwa na leseni, na kila leseni iliandikwa kwenye daftari. Yako maboksi mia na kumi na moja, lakini lebo zimebanduka, na bomba lilipasuka kule mwaka juzi. Nimefungua hamsini na mbili. Mgongo unauma.

Mambo ya koti ni ya zamani sana, tuyaache.

Mjomba wako.


Zahanati, 2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimeishia hapo, nisamehe.

Wewe huwa huachi swali bila jibu. Ukiulizwa saa ngapi, unaeleza jinsi saa inavyotengenezwa. Ulipoacha mawili kwa mpigo nikajua pana kitu. Basi nilimwandikia Mkuu wako ujumbe wa simu. Sikumwambia lolote la nyumbani, nilimwomba tu anakili yaliyoandikwa kwenye ile kadi. Ni binti mwema, alinijibu siku ile ile. Jina ni lako. Sababu: "Kwenda kushonwa jalada." Tarehe ni miaka miwili baada ya kifo cha baba. Akaongeza kwa kukutetea: "Mzee wetu alilipeleka kwa fundi mshona vitabu, fundi huyo alikufa, na pengine lilipotelea kwake. Mzee anaumia sana na jambo hili, hata chakula cha mchana hali."

Nilisoma nikakaa kwenye kitanda cha kuzalishia. Kama lilipotelea kwa fundi, Mjomba, unatafuta nini kwenye baiskeli?

Mimi ni mkunga. Mficha uchi hazai, huo wimbo nawaimbia wanawake kila siku. Wanakuja wamebana magoti kwa aibu, na mtoto anakufa humo humo kwa sababu ya aibu. Nawaambia, mama, aibu yako nitaitunza mimi, wewe fungua.

Najua kuna jambo ulilifanya. Silijui lote na leo silitaki. Nataka namba. Zimebaki siku ishirini na tisa. Mwambie Mkuu. Mwambie kesho asubuhi, akupe watu wa kukusaidia kufungua hayo maboksi. Atakachokufikiria baadaye ni cha baadaye.

Mama ameshona shuka jeupe. Ameshona kwa kupapasa, mshono umepinda, na amekataa nimnyooshee. Amelifanya refu.

Mpwa wako.


Zahanati, 6 Agosti

Mjomba,

Tarehe 31 imepita. Hatujapata barua.

Jana nilimwambia Mama kwamba muda umekwisha. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza sinia nzima. Kisha akasema, "Mwambie Kaka simwulizi tena habari za koti."

Shuka amelikunja, ameliweka chini ya mto wake.


Nyumbani, 30 Agosti

Mpwa wangu,

Nawasalimu. Sina haki ya salamu kutoka kwenu, lakini barua bila salamu siwezi kuiandika, mkono unakataa. Sina habari za kazini za kuwapa, maana dirishani sikai tena. Nitaeleza kwa mpangilio. Hicho ndicho nilichobakiwa nacho.

Mwaka wa homa nilikuwa na miaka thelathini na nne. Karani wa afya aliniletea kikaratasi kinachosema shemeji yangu amefariki wodini, na nifike makaburini saa nne asubuhi kumtambua na kushuhudia maziko. Nilivaa koti la kijivu. Nilifika mpaka langoni. Pale palikuwa na ndoo ya dawa, na mtu aliyefunika uso akaninyooshea glovu nizivae. Zilikuwa zimelowa. Nilizitazama zile glovu, nikageuka. Sikukimbia. Nilitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na nilitembea hivyo mpaka nyumbani.

Njia zilipofunguliwa mama yako alikuja na wewe mgongoni. Hakuniuliza kama nilikuwepo, hilo alikuwa ameshaliamini. Aliuliza, "Kaka, alifunikwa vizuri?" Nikasema shuka lilikuwa fupi, nikamfunika kwa koti langu. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango aliouegemea. Mengine, udongo na mti na ukungu, yalikuja baadaye, moja moja, kila alipoomba nisimulie tena. Alikuwa akilala vizuri baada ya kusikia. Nilijiambia ni dawa.

Miaka miwili baadaye daftari la makaburi lililetwa kwetu kuhifadhiwa, na aliyelipokea ni mimi. Lina safu saba: namba, jina, umri, kazi, tarehe, mstari wa kaburi, na ya mwisho ni maelezo. Nililifungua penye baba yako. Katika safu ya maelezo karani wa makaburi alikuwa ameandika kwa wino mweusi: "Ndugu aliitwa. Hakuja."

Mtu mwingine angechana ukurasa ule. Nilijaribu, niliushika pembeni. Lakini nimefundishwa kutunza, na mtu aliyefundishwa kutunza hawezi kuchana. Anaweza kuficha tu. Nikajiambia sitaharibu chochote, nitaliweka mahali pasipo pake. Nikaweka kadi kwa utaratibu, nikaandika kushonwa, nikaliingiza kwenye boksi la leseni za baiskeli, maana kwa miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuuliza leseni ya baiskeli. Boksi la sitini na nane. Nililikariri kama siku yangu ya kuzaliwa.

Kwa hiyo nilipokuandikia Machi kwamba mnipe wiki mbili, nilikuwa najua liliko. Nilidhani nitalitoa kimyakimya, nisome namba, nikupe, na ile safu ya mwisho nibaki nayo mimi. Nilipokwenda stoo, boksi la sitini na nane halikuwa na lebo. Hakuna lililokuwa na lebo. Tangu siku hiyo nimetafuta peke yangu, mchana wangu wote, kwa sababu kuomba msaada kungekuwa kusema kwa nini daftari la maziko liko kwenye baiskeli.

Barua yako ya tarehe 2 ilinifikia tarehe 24 Julai. Niliiweka mfukoni. Zilikuwa zimebaki siku saba na maboksi thelathini, nikapiga hesabu kwamba nitamaliza mwenyewe. Unaona jinsi nilivyo. Hata pale.

Tarehe 31 jioni yalikuwa yamebaki maboksi kumi na moja. Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Mkuu nikamwambia yote. Alifunga ofisi, akawachukua makarani sita na mlinzi wa mlangoni, wakaenda stoo. Saa tano daftari lilikuwa mezani. Saa tano asubuhi, mpwa wangu. Watu wanane, asubuhi moja. Mkuu alilifuta vumbi jalada kwa kitambaa, akasema, "Mzee, ungeniambia Machi." Hilo tu. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda makaburini mchana ule ule na namba mkononi, 417, mstari wa nne. Safari hii nilipita langoni. Katapila lilikuwa linafanya kazi tangu alfajiri. Msimamizi alikuwa mtu mpole, alivua kofia. Nikapaza sauti kama kiziwi nilivyo, nikamwuliza mstari wa nne uko wapi. Akanionyesha mahali palipo wazi, udongo mwekundu, laini, umesawazishwa. "Mzee," alinisogelea sikioni, "mistari ya upande huu ndiyo tuliyoanza nayo." Shimo la pamoja lilikuwa ng'ambo, nusu limeshafukiwa. Nilisimama pale mpaka wafanyakazi wakaondoka. Nimechelewa kwa fundi saa miaka thelathini na moja na nusu siku.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimewatembeza wengi. Ile orodha ya dirishani ilifika watu arobaini na watatu. Mzee wa picha ya shela. Mama wa mapacha, ambaye alinishika mkono akanishukuru kwa subira yangu. Wote niliwaambia kwa mdomo huu kwamba daftari linatafutwa kwa utaratibu. Mapacha wako ukurasa wa tisa, namba 188 na 189. Nimempelekea namba hizo nyumbani kwake, hazina kazi tena. Hakufungua mlango wote.

Ukurasa wa baba yako una majina ishirini na mawili. Kumi na tisa wameandikiwa, "Ndugu alikuwepo." Watu kumi na tisa walizivaa zile glovu. Baba yako ameandikwa fundi saa, miaka thelathini na mmoja, umri ulio nao wewe leo. Na kuna jambo sikulijua mpaka nilipolisoma tena mezani kwa Mkuu, kwa maana mara ya kwanza macho yangu yaliishia kwenye neno Hakuja. Chini yake, kwa mwandiko mdogo, karani ameongeza: "Shuka fupi. Kafunikwa miguu kwa koti la mchimbaji." Kwa hiyo alifunikwa. Mtu asiyemjua alivua koti lake. Sijui jina lake, halikuandikwa.

Daftari limerudi mahali pake. Kadi nimeichomoa mwenyewe, mbele ya Mkuu, kisha nikamkabidhi funguo.

Siombi msamaha kwa karatasi, karatasi nimeitumia vibaya vya kutosha. Lakini barua zangu zote mama yako amezisikia zikiwa na mashimo, na aliyeomba mashimo hayo ni mimi. Kwa hiyo mimi, mjomba wako, nina ombi moja tu. Leo hii, ukishamaliza kusoma, keti karibu na dada yangu umsomee barua hii kwa sauti, yote, bila kuruka mstari.